Msimwondolee Mzee Safari Zake

Baba yangu ana miaka 76, na karibu maisha yake yote ameishi Ngamiani, Tanga, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba. Ukimuuliza kama anafanya mazoezi, atakwambia hapana, yeye si mtu wa mazoezi. Kwake mazoezi ni ya vijana wanaokimbia alfajiri ya Jumamosi wakiimba, wamevaa fulana za klabu yao. Yeye ana baiskeli yake ya Phoenix, kiti kimefungwa kitambaa, na anaipanda kwenda sokoni Mgandini au kumjulia hali mwenzake aliyestaafu naye. Msikitini anakwenda kwa miguu.

Mwaka juzi nilimleta Dar es Salaam kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho likapona vizuri, tukamng'ang'ania abaki kidogo apumzike. Kidogo kile kikawa miezi minane. Sisi tunakaa Mbezi, ndani ya geti, na kutoka getini hadi barabara ya lami kuna njia ya mchanga yenye mtaro ulio wazi pembeni. Kila baba alipovaa viatu, mtu alimuuliza: "Babu, unataka nini? Kaa, tutamtuma mtu." Vocha ililetwa. Dawa zililetwa. Kinyozi alikuja nyumbani. Ijumaa bodaboda ilimchukua mlangoni kwetu, ikamshusha mlango wa msikiti, ikamsubiri, ikamrudisha.

Mwezi wa sita wa kukaa kwake nikaona anajiinua kwenye kochi kwa mikono yote miwili. Mwezi wa nane, siku anarudi Tanga, konda alimvuta mkono kutoka ndani ya basi na mimi nikamsukuma kwa nyuma, ngazi tatu tu. Mtu aliyekuwa anarusha mguu juu ya baiskeli bila kufikiri.

Hakuugua hata siku moja katika miezi hiyo. Presha yake ilikuwa ileile, chakula alikula, usingizi alilala. Tulimtunza kama tulivyofundishwa kumtunza mzazi, na katika kumtunza huko tukammaliza miguu. Tangu hapo nimekuwa nikizihesabu safari za wazee kama mfanyabiashara anavyohesabu mauzo ya siku.

Hebu tuhesabu za baba. Kutoka nyumbani hadi msikitini ni kama mita 400, kwa mwendo wake dakika 6. Kwenda na kurudi dakika 12. Anakwenda mara nne kwa siku, swala moja huiswali nyumbani. Hizo ni dakika 48 kila siku, dakika 336 kwa wiki, na hapo baiskeli sijaigusa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linawataka watu wazima, wakiwemo wa miaka 65 na kuendelea, wapate angalau dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani. Kwa mtu wa miaka 76, kutembea kilomita 4 kwa saa ni kazi ya wastani, wala si mchezo. Baba "asiyefanya mazoezi" alikuwa amelipita lengo hilo kwa kwenda kusali tu. Alipofika kwangu nikampa dakika sifuri.

Mwongozo huo una jambo jingine linalowahusu wazee moja kwa moja, na sioni likizungumzwa vya kutosha. Mapendekezo ya mwaka 2010 yalikuwa yanahesabu tu kutembea kulikofululiza walau dakika 10. Ya mwaka 2020 yakaliondoa sharti hilo: kila dakika inahesabika, hata ukienda tatu ukapumzika. Mzee anayekwenda dukani kwa Mangi kununua sukari robo, akasimama kusalimiana njiani, akarudi, sasa yumo katika hesabu. Maisha ya mtaani kwetu yamejaa vijisafari vya namna hiyo. Ndiyo maana wataalamu wanapokuja na dodoso la kupima kiasi watu wanavyojishughulisha, hawaulizi michezo peke yake. Wanauliza kazi, wanauliza burudani, na wanauliza unavyokwenda kutoka mahali hadi mahali. Kwa mzee aliyestaafu kazi na asiyecheza mpira, hilo la tatu ndilo linalobaki kubeba mzigo wote.

Na mwili haujui kama unakwenda msibani au unafanya mazoezi. Unachojua ni kwamba paja limebeba uzito, moyo umeongeza mapigo, kifundo cha mguu kimepima jiwe. Kule bonde la Ziwa Eyasi, watafiti waliwavisha Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, vifaa vya kupima mapigo ya moyo na kukuta wanajishughulisha kwa wastani wa zaidi ya saa 2 kwa siku, kwa nguvu ya wastani au zaidi. Kilichonigusa si hizo saa. Ni kwamba hazikuonekana kupungua kwa sababu ya uzee. Bibi wa Kihadza anatoka kwenda kuchimba mizizi kwa sababu wajukuu watakula alichochimba. Hakuna aliyempangia ratiba ya mazoezi. Ana mahali pa kwenda, na anahitajika huko.

Sasa tazama upande wa pili, wa mtu aliyeketishwa. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walitangaza matokeo ya jaribio dogo: wazee wachache, wasiozidi 12, wenye afya nzuri, walilazwa kitandani siku 10 bila kuugua chochote. Walipoinuka walikuwa wamepoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Siku 10! Baba hakulazwa kitandani, alikuwa anazunguka nyumbani, anatoka sebuleni kwenda barazani. Lakini miezi minane ni mirefu, na nyama ya paja la mzee ikiondoka hairudi kwa kubembelezwa. Kijana akivunjika mguu, plasta ikitolewa, baada ya wiki kadhaa anacheza mpira. Mzee analipia kila wiki ya kukaa, na riba juu.

Kwa hiyo ninapoambiwa kuwa dawa ni kuwapeleka wazee gym, au kuwaanzishia klabu za jogging, nasita. Sizikatai. Mzee anayependa aende, na mazoezi ya kuimarisha misuli na kushika mizani ya mwili yanawafaa sana wazee. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau siku 3 kwa wiki ili kuzuia kuanguka. Lakini mazoezi ya kupangwa yana tabia ya kuachwa. Mvua ikinyesha yameachwa, mwalimu akihama yameachwa, mfungo ukiingia yameachwa. Safari ya sokoni haiachwi kwa sababu mboga zinahitajika leo. Isitoshe mzee akitoka anasalimiwa, anasikia habari, anapima bei ya nyanya, anagombana kidogo na muuza samaki. Hayo ni mazoezi ya kichwa, na hakuna mashine inayoyatoa.

Kama ni hivyo, je, tatizo ni vyombo vya usafiri? Nilidhani hivyo mwanzoni, nikawa naitazama kila bodaboda kama adui. Nimebadilisha mawazo. Tatizo ni mahali chombo kinapokuchukulia na kinapokushushia.

Mzee anayepanda daladala anatembea mara nne bila kujijua: kutoka nyumbani hadi kituoni, kutoka kituoni hadi anakokwenda, kisha hivyo hivyo wakati wa kurudi. Katikati yake anasimama, anasubiri, anapanda ngazi ya gari, anashikilia bomba gari likiyumba kama hakuna aliyempisha kiti. Tazama siku moja bibi wa miaka 70 anavyopanda Hiace: mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, mwingine umeshika kikapu, anakusanya pumzi, anaupandisha mguu juu ya goti, halafu mwili wote unaufuata mguu huo mmoja. Mtaalamu wa viungo angemlipisha kwa zoezi hilo. Bibi analifanya mara mbili kwa safari, na konda anamwambia "pole pole mama, tunakusubiri" ikiwa ni konda mwenye malezi.

Uingereza wana ushahidi wa jambo hili. Tangu Aprili 2008 wazee wa England wamepewa kadi ya kupanda bure mabasi ya nchi nzima. Mtu angetegemea kwamba ukimpa mzee basi la bure, atapunguza kutembea. Watafiti walipochambua takwimu za usafiri za nchi ile walikuta kinyume chake: wenye kadi walielekea kutembea mara nyingi zaidi kwa wiki kuliko wasio nayo. Basi haliji sebuleni. Linakutoa nje, na ukishatoka nje miguu inafanya kazi yake.

Bodaboda inakuja sebuleni. Hilo ndilo jambo jipya lililotuingilia katika miaka hii 15 hadi 20, na limetuingia kimyakimya kwa sababu lina msaada wa kweli. Mimi mwenyewe, mjukuu wangu akipata degedege saa 8 usiku, nitaita bodaboda na nitamshukuru Mungu kwa kuwepo kwake. Mzee mwenye goti lililovimba, aliyepooza upande mmoja, anayekwenda kliniki kilomita 5 juani mwezi wa Februari, apande. Sitaki kusikia mtu akimwambia mzee huyo atembee kwa afya yake. Ninazungumzia ile safari ya mita 500 aliyokuwa akiimudu mwaka jana, tuliyomwondolea kwa shilingi 1,000 na moyo mwema.

Na hapa nataka nieleweke, kwa sababu sifa za kutembea zinaweza kugeuka kisingizio. Bibi anayebeba ndoo ya maji kichwani kilomita 2 kwa sababu bomba la kijiji limekauka hafanyi mazoezi, anaonewa. Mzee anayetembea nusu siku kufuata zahanati hapaswi kupigiwa makofi. Kutembea kwa kukosa ni kitu kimoja, na kutembea kwa kuwa na mahali pazuri pa kwenda, karibu, kwa njia inayopitika, ni kitu kingine. Ninalitetea hili la pili, na la kwanza ni deni ambalo serikali zetu bado hazijalilipa.

Njia inayopitika. Nilipomuuliza baba, baadaye, kwa nini hakuwa anatutoroka tu akaenda zake kutembea Mbezi, alinijibu: "Mwanangu, pale kwako mtu atembee wapi?" Nikatoka siku iliyofuata kuikagua njia ile kwa macho yake. Hatua 60 za mchanga mzito unaomeza kiatu. Kisha mtaro wenye ubao uliooza. Kisha mahali ambapo bodaboda huchomoka kati ya vibanda viwili bila honi. Kisha barabara ya lami, ambayo magari hayasimami hata ukiwa umeshakanyaga zebra. Kutoka getini hadi kituoni hakuna hata mahali pamoja pa kukaa. Kuna jiwe moja nje ya duka la vifaa vya ujenzi, na mwenye duka ameweka mifuko ya saruji juu yake.

Mtu wa miaka 40 haoni hayo. Mzee anayaona yote, anayajumlisha, anaamua kubaki nyumbani. Na uamuzi wake ni sahihi, maana akianguka akavunja nyonga, habari yake mara nyingi huishia hapo. Kwa hiyo mtaro usiofunikwa ni suala la afya ya wazee kama ilivyo dawa ya presha, ila hakuna daktari anayeweza kuuandika kwenye cheti.

Dar es Salaam imewahi kuonyesha kwamba inaweza. Barabara ya Morogoro ilipojengwa upya kwa ajili ya mwendokasi, mabasi yalianza kutembea mwaka 2016, na pamoja na njia za mabasi zilijengwa njia za waenda kwa miguu na za baiskeli, pana, zenye sakafu iliyo sawa. Jiji likapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu ya mwaka 2018. Nimewaona wazee wakitembea kwenye njia zile asubuhi, wengine na fimbo, bila kutazama nyuma kila hatua. Lakini ukiiacha barabara kuu ukaingia mtaani, ambako mzee ndiko anakoishi, unarudi kwenye mchanga na mtaro. Tumejenga mto mzuri, vijito vyake tumeviacha.

Ukitaka kuona mji uliokuwa unamfikiria mtu anayetembea, nenda Mji Mkongwe, Zanzibar. Vichochoro ni vyembamba, vina kivuli karibu siku nzima, na mbele ya nyumba nyingi kuna baraza la mawe lililojengwa pamoja na ukuta. Mzee anatoka kwenda kusali, anakwenda mita 100, anaketi barazani kwa mtu, anatiliwa kahawa, anainuka, anakwenda nyingine 100. Kwa mzee, umbali hupimwa kwa vituo vya kupumzikia. Mita 600 zenye mabaraza matatu ni karibu. Mita 300 zisizo hata na pa kuegemea ni mbali. Hakuna teknolojia hapo. Ni mawe, chokaa na adabu ya kutomfukuza mtu aliyekaa mbele ya nyumba yako.

Halmashauri zetu zinaweza kulifanya hili kesho kwa fedha ndogo kuliko ya kilomita moja ya lami. Vifuniko vya mitaro kwenye njia za kwenda sokoni, zahanati, misikiti na makanisa. Mwarobaini au mkungu kila baada ya hatua kadhaa, na chini yake benchi la zege ambalo hakuna atakayeliiba. Tuta kabla ya kila zebra. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea, na tangu hapo tumezungumza sana juu ya matibabu bure na dirisha la wazee hospitalini. Ni haki yao na nisingependa ipunguzwe hata chembe. Ila dirisha liko mwisho wa safari. Ningependa kikao kimoja cha baraza la madiwani kikae kujadili mzee anafikaje sokoni.

Nyumbani nako kuna kazi, na hii ni yetu sisi watoto. Tumelelewa kuamini kwamba heshima kwa mzee ni kumkalisha: mpe kiti, mletee maji, asiinuke. Mgeni akiingia akakuta baba anatoka kwenda dukani, ataona aibu kwa niaba yetu, atauliza kwani vijana wa humu wako wapi. Najua uzito wa macho hayo, nimeyaogopa miezi minane. Lakini ziko njia za kuheshimu bila kufunga mlango. Mwombe mzee akuletee gazeti, badala ya kumletea. Mwache awe ndiye mnunuzi wa mkate wa nyumba. Mjukuu amsindikize hadi kituoni badala ya kumwitia bodaboda, na wote wawili watafaidi. Kama lazima apande, ashushwe kona moja kabla, mahali salama, amalizie kwa miguu. Mzee aliyekwishalegea aanze na geti na kurudi, wiki inayofuata duka la kwanza. Wala msimpe lengo la hatua 10,000. Namba hiyo ilitoka kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Utafiti wa mwaka 2019 uliofuatilia wanawake zaidi ya 16,000 wa Marekani, wenye wastani wa miaka 72, ulikuta kwamba waliokuwa wakifikisha hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na hatari ndogo ya kufa kuliko waliokuwa na 2,700. Tofauti kati ya namba hizo mbili, kwa mwendo wa kizee, ni kama dakika 20. Ni kwenda sokoni na kurudi.

Baba alirudi Tanga akiwa hawezi baiskeli. Mama anasema mwezi wa kwanza alikuwa akiisukuma tu, anatembea kando yake kama mtu anayetembea na rafiki, na kwenye kona anaiegemea kupumzika. Swala ya alasiri peke yake alikuwa akiifuata msikitini, nyingine akisali nyumbani. Kisha zikawa mbili. Baiskeli aliipanda tena mwezi wa tano, na kuipanda kwake sasa si kama zamani: anailaza kidogo kwenye ukingo wa kibaraza, anavusha mguu taratibu, ndipo anaanza kupiga pedali. Kuna kitu hakikurudi na sidhani kama kitarudi.

Jana jioni nilimpigia, simu ikaita hadi ikakatika. Nikapiga ya mama.

"Shikamoo mama. Baba yuko wapi, hapokei?"

"Marahaba mwanangu. Simu ameiacha hapa mezani. Mwenyewe katoka."

"Katoka kwenda wapi saa hizi?"

"Mimi sijui bwana. Katoka tu."